Gari Yenye Inadumu: Historia ya Pikapu za Mazutu kwenye Njia Zetu



Kwenye mkutano mkuu unaokuja kutakuwa swali moja kubwa mezani: ile pikapu yetu ya zamani tufungue motere, tuitengeneze na kuendelea nayo, ao tuiuze na kununua ingine? Wanachama wamegawanyika. Wengine wanasema gari imezeeka, tununue ya kisasa yenye inakunywa mafuta kidogo. Wengine wanasema hapana, hii ya zamani ndiyo ilibeba wagonjwa wetu, mahindi yetu na mabati ya nyumba zetu, tusiiache. Wafadhili nao wameuliza swali la haki kabisa: gari ya namna gani inaweza kutumikia chama miaka mingi bila kugeuka mzigo?

Kamati ilituomba tuandike kitu kidogo juu ya hilo. Tuliona heri tuanze na historia, kwa sababu swali hili si jipya. Watu wa huku, toka Uvira mpaka Baraka, Fizi mpaka Kalemie, wamekuwa wakijibu swali hilo kwa makuta yao wenyewe tangu siku za wazee wetu. Wengine walijibu vizuri, wengine gari ilibaki kwenye kiwanja, kuku zinataga ndani.

Kwa nini mazutu

Mjerumani Rudolf Diesel aliwasha motere yake yenye ilifanya kazi sawasawa mwaka 1897, katika mji wa Augsburg. Akili yake ilikuwa hii: hewa ukiibana sana, inapata moto. Ukiingiza mafuta ndani ya hewa hiyo ya moto, yanawaka yenyewe. Hakuna haja ya bugi, hakuna haja ya cheche. Motere ya namna hiyo sharti iwe nzito na nene, kwa sababu inabeba shindo kubwa ndani yake. Uzito huo ndio ulifanya kwanza iwekwe kwenye meli na viwanda, kisha kwenye malori, na nyuma kabisa kwenye gari ndogo.

Kwa mtu wa njia mbaya, faida ni tatu. Ya kwanza, motere ya mazutu iko na nguvu hata ikizunguka polepole. Kwenye matope ya Mboko ama kwenye mlima wa kupanda Fizi, nguvu ya polepole ndiyo unahitaji, si mbio. Ya pili, motere za zamani za mazutu zikishawaka zinahitaji umeme mdogo sana. Batri ikichoka, vijana wanasukuma, gari inaondoka. Ya tatu, mazutu ndani ya bidoni haishiki moto haraka kama esansi. Sisi wenye tunaweka mafuta ndani ya nyumba, kwa kuwa stesheni ya mafuta iko mbali, tunajua maana ya jambo hilo.

Wakati wa Land Rover

Wazee wetu hawakuanza na Toyota. Jina lenye lilikuwa mdomoni mwao ni Land Rover. Gari hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1948, na baadaye kampuni ya Minerva ya Ubelgiji ilitengeneza ya kwake kwa ruhusa ya Waingereza, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Land Rover za kwanza zilikuwa za esansi. Ya mazutu ilikuja mwaka 1957. Wakati Kongo inapata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, gari za misioni, za serikali na za wenye mashamba ndizo watu walizijua. Ndiyo sababu hata leo kuna wazee wenye wanaita kila gari ya milima jipu ao Landrova, hata kama imeandikwa jina lingine.

Njia nazo zilikuwa njia. Kila kipande kilikuwa na watu wake wa kuziba mashimo na kufungua mifereji. Mwaka 1971 serikali iliunda Ofisi ya Barabara kwa ajili ya kutunza njia kubwa. Gari yenye si kali sana iliweza kuzeeka vizuri, kwa sababu njia haikuipiga kila siku. Tunasema hivi ili mtu asifikiri kwamba uimara ni wa chuma peke yake. Njia nayo ni sehemu ya gari.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni, maduka, mashamba na kampuni ndogo, zitapewa Wazairwa. Wazee wanaikumbuka kwa jina la zairianizasyo. Nia ilisemwa kuwa nzuri, lakini wengi wenye walipewa maduka hawakuwa watu wa kazi hiyo, ao hawakuwa na njia ya kuagiza mali mpya. Waliuza yenye ilikuwemo, kisha rafu zikabaki tupu. Na kati ya hayo maduka kulikuwa garaje na maduka ya piyesi za gari.

Hapa ndipo mwenye gari wa Zaire alijifunza somo lenye kitabu cha kiwanda hakifundishi. Gari nzuri yenye haina piyesi ni chuma tu. Si kwamba gari za Ulaya zilikuwa mbaya siku hiyo zaidi ya jana yake. Njia yenye ilileta filta, fren na ambreyaje kutoka Ulaya mpaka kijijini ilikatika. Mwenye gari akaanza kuuliza swali jipya. Zamani aliuliza, "Gari hii iko na nguvu gani?" Sasa aliuliza, "Ikikufa, nitapata wapi kitu cha kuifufua?"

Toyota inaingia

Kampuni ya Toyota ya Japani ilitengeneza jipu yake ya kwanza, BJ, mwaka 1951. Jina Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Series 40 ilianza mwaka 1960, na mwaka 1984 ikaja series 70, ndiyo hii yenye pikapu yake tunaiona mpaka leo. Hilux, ndugu yake mdogo, ilianza mwaka 1968. Gari hizi ziliingia kwetu kidogo kidogo, kupitia bandari za mashariki, Dar es Salaam na Mombasa, na kupitia Bujumbura.

Motere yenye ilifanya jina la Land Cruiser liwe kubwa huku kwetu ni mbili. Ya kwanza ni 2H, silinda sita, lita 4. Ya pili ilianza mwaka 1990 na inaitwa 1HZ: silinda sita pia, lita 4.2, bila turbo. Ukisoma karatasi yake utacheka. Nguvu yake haifiki farasi 140, na gari ndogo nyingi za mjini leo zinaishinda. Lakini siri iko hapo hapo. Motere kubwa yenye inaombwa kazi kidogo haichoki upesi. Ni kama mtu mwenye mabega makubwa umemtuma abebe kikapu kimoja.

Tena angalia namna inavyopewa mafuta. Pompi yake ni ya vyuma tupu; haina kompyuta ya kuiamuru. Mazutu inarushwa kwanza katika kachumba kadogo juu ya silinda, na kwa hiyo haihitaji kusukumwa kwa nguvu ya ajabu. Sindano zake zinafunguka kwenye karibu bar 150. Motere za kisasa za mazutu zinasukuma kwa zaidi ya bar 1,000, nyingine zinakaribia 2,000. Kwa shindo kama hilo, tundu la sindano ni jembamba sana, na chembe moja ya vumbi ao tone la maji linaharibu. Sisi tunajua mazutu yetu inapita katika bidoni ngapi, na ni mvua gani imeipiga, mbele haijafika kwenye tangi.

Chini ya gari ni vilevile. Shasi ni ya mihimili miwili mikubwa, bodi imewekwa juu yake kwa boluti. Eksi ya mbele na ya nyuma ni nzima, ngumu. Nyuma kuna resori za majani. Resori ya jani ikivunjika Lulimba, fundi wa Lulimba anaweza kuitoa, akaweka jani la gari ingine, mukafika. Mwaka 1999 pikapu mpya, 79, ililetewa resori za mviringo mbele. Inatulia zaidi njiani, ndiyo, lakini wenye 75 ya zamani bado wanajivuna kwamba yao inatengenezwa fasi yoyote.

Upande wenye hatupendi kuusema

Historia ya gari hizi ikiandikwa bila vita, si historia. Mwaka 1987, mbali na kwetu, jeshi la Chadi liliwashinda wanajeshi wa Libia wenye vifaru, likiwa juu ya pikapu za Toyota. Fada mwezi wa kwanza, Ouadi Doum mwezi wa tatu. Watu waliviita vita vya Toyota. Dunia yote ikaona: pikapu yenye inabeba mahindi inaweza kubeba bunduki kubwa pia.

Kwetu moto uliwaka mwaka 1996, kisha tena tangu mwezi wa nane 1998. Mwenye pikapu nzuri alikuwa mtu wa hatari. Gari ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kuchukuliwa, na mara nyingi shofere alichukuliwa nayo. Wengine walitoa magurudumu na kuyafukia. Wengine walitoa pompi ya mazutu na kuificha kwa mama mkwe, ili gari isiwake. Wengi wetu tulivuka ziwa bila gari, bila baiskeli, na mtoto mgongoni. Tunakumbusha hili kwa sababu wafadhili mara nyingine wanauliza kwa nini chama hakitaki gari mpya inayong'aa. Gari inayong'aa inaita macho. Kuridhika kwa mwenye gari huku kwetu ni pamoja na kulala usingizi.

Kambini na kurudi

Huko Tanzania, Nyarugusu na Lugufu, tuliishi miaka mingi tukiangalia gari hizo hizo zikipita, nyeupe, na antena ndefu. Vijana wetu wengine waliingia kwenye garaje za Kasulu na Kigoma, wakawa wasaidizi, kisha mafundi. Ndiyo sababu leo kwenye chama kuna lugha mbili za gari. Sisi tuliorudi tunasema spea, gia, breki. Ndugu wenye walibaki wanasema piyesi, vitesi, fren. Fundi mzuri anasikia zote mbili.

Mwezi wa kumi 2005, HCR ilianza kurudisha watu Kivu Kusini, na meli zikavuka toka Kigoma mpaka Baraka. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Miaka hiyo mashirika mengi yalikuja Baraka na Fizi, na karibu yote yalikuja na Land Cruiser. Haikuwa bahati. Tangu 1995 kuna kampuni huko Gibraltar, Toyota Gibraltar Stockholdings, yenye kazi yake ni kuweka akiba ya gari hizi na kuzitayarisha kwa Umoja wa Mataifa na mashirika ya msaada. Shirika linaagiza, gari inapatikana, spea zake zinajulikana.

Hapa tunafika kwenye kiini cha maandishi haya. Shirika kubwa haliweki gari mpaka ife. Chukua mfano wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, CICR: kanuni yake yenye ilijulikana ilikuwa kubadilisha gari ikifika miaka 5 ao kilomita 150,000. Baadaye gari kama hizo zinauzwa, mara nyingi kwa mnada. Kwa shirika, hapo ndipo hadithi ya gari inaisha. Kwa sisi, hapo ndipo inaanza.

Kwa hiyo mtu akisema, "Wenye gari hizi wanaridhika sana," tumuulize: wenye gari gani? Mwenye wa kwanza aliipata mpya, alikuwa na garaje yake, filta mpya kila mwezi, na shofere mwenye mshahara. Mwenye wa pili aliinunua kwenye mnada, akaifanya gari ya abiria. Mwenye wa tatu ni sisi. Alama yenye haki ya gari ni ile inayotolewa na mwenye wa tatu, kwa maana huyo ndiye anajua kilichobaki wakati rangi imekwisha na kitabu cha matengenezo kimepotea.

Wenye gari wanasema nini baada ya miaka mingi

Tuliuliza wanachama wenye wana pikapu, wenye waliwahi kuwa nazo, na mafundi wa hapa kwetu. Hatukufanya uchunguzi wa kitaalamu; tuliongea tu, chini ya mti na kwenye garaje. Sifa zilikuwa nyingi, lakini malalamiko nayo yalikuwa yale yale karibu kwa kila mtu.

Kwanza, mafuta. Motere ya 1HZ inakunywa. Njia ikiwa nzuri ni karibu lita 12 mpaka 15 kwa kilomita 100. Njia ikiwa yetu, na vitesi vya chini kutwa nzima, inapita hapo. Mwenye anasema haikunywi, ajue amesahau kuandika.

Pili, mkanda wa taiming, wengine wanaita kurua. Ile 2H ya zamani ilitumia meno ya chuma, lakini 1HZ inatumia mkanda, na sharti ubadilishwe karibu kila kilomita 100,000. Kuna hata taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Kwenye gari ya okazyo taa hiyo mara nyingi imekufa, ao mtu ameizima. Mkanda ukikatika motere inazunguka, valvu na pistoni zinakutana, na akiba ya mwaka mzima inakwisha ndani ya dakika moja. Mafundi wote tuliongea nao walisema: ukinunua gari na hujui mkanda ni wa lini, badilisha kesho yake.

Tatu, joto. Motere hii inavumilia vingi, lakini haivumilii kukosa maji. Rejeta ikizibwa na matope, ao mpira ukitoboka na shofere akajisemea "tufike tu," kifuniko cha motere kinapasuka. Fundi mmoja mzee alituambia kwamba motere nyingi alizozika hazikufa kwa uzee. Zilikufa kwa kiu.

Ine, mzigo. Pikapu hii inafaa kubeba karibu toni moja. Huku kwetu inabebeshwa mbili, na watu juu, na mbuzi. Watu wanaongeza majani ya resori na kusema sasa iko tayari. Lakini jani la resori haliongezi nguvu ya fren wala ya beringi. Shasi inapasuka nyuma ya kabini, fundi anachomelea, inapasuka tena pembeni ya fasi alipochomelea.

Tano, spea za uongo. Boksi ni zuri, jina limeandikwa vizuri, ndani ni takataka. Filta ya bei ndogo inapitisha uchafu, na uchafu unakula pompi. Wengi wanapenda zaidi piyesi ya okazyo yenye ilitoka kwenye gari ingine ya kweli kuliko mpya ya uongo.

Pamoja na hayo yote, tulipouliza swali la mwisho, "Ukipewa makuta leo, utanunua ingine ya namna gani?", karibu wote walisema ile ile. Na tulipouliza sababu, hawakusema haikufi. Walisema, "Ikikufa, inatengenezwa hapa hapa." Kuridhika kwa miaka mingi hakutokani na gari isiyo na pane. Kunatokana na gari yenye pane yake fundi wa karibu anaijua, na spea yake inapatikana Uvira, Bujumbura ao Kigoma ndani ya siku chache.

Na za kisasa?

Tusiwe wazee wa kukataa kila kitu kipya. Pikapu za mazutu za kisasa zinakunywa kidogo, zina nguvu zaidi, moshi wake ni mdogo, na abiria hakohoi. Hilux za miaka ya karibuni zinafanya kazi vizuri kwenye miji yenye stesheni safi na garaje yenye kompyuta. Toyota yenyewe imeanza, tangu 2023, kuweka motere ndogo ya lita 2.8 kwenye series 70 katika nchi nyingi. Kwa hiyo siku moja hizo ndizo zitafika kwenye mnada, na watoto wetu watajifunza kuzitengeneza. Historia haisimami.

Lakini swali letu ni la mwaka huu, kwenye njia hii. Gari yenye kompyuta ikiwasha taa nyekundu njiani kati ya Swima na Mboko, shofere hana kifaa cha kusoma taa hiyo. Kifaa kiko mjini. Gari sharti ivutwe. Ile ya bar 2,000 sharti ipewe mazutu yenye imechujwa, na sisi wenyewe tunajua chujio letu ni kitambaa.

Hesabu ndogo

Tuweke mfano, wa kufundishia tu, si bei ya soko. Gari ya kwanza inanunuliwa dola 12,000, matengenezo ni dola 2,000 kila mwaka, inatumika miaka 10. Jumla ni dola 32,000, ni kusema dola 3,200 kwa mwaka. Gari ya pili inanunuliwa dola 9,000, matengenezo dola 1,500 kila mwaka, lakini mwaka wa 4 inakufa na hakuna fundi wa kuifufua. Jumla ni dola 15,000, ni kusema dola 3,750 kwa mwaka. Yenye ilionekana rahisi ndiyo ilikuwa ghali. Tena hatujahesabu mama mjamzito mwenye alibaki njiani siku ile gari ilikataa.

Wafadhili wetu wanafahamu hesabu hiyo. Tunawaomba tu wafahamu sehemu yake ya pili: zile dola 2,000 za kila mwaka. Mara nyingi msaada unakuja kwa kununua gari, picha inapigwa, kisha hakuna mtu wa kusaidia mkanda, mapine na rejeta. Gari inanunuliwa siku moja, lakini inalishwa kila siku. Ikiwa kuna kitu cha kuomba, tungeomba mkono mdogo wa kila mwaka kuliko mkono mkubwa wa mara moja.

Yenye tunapeleka mbele ya mkutano

Hatuwezi kuamua fasi ya mkutano. Lakini kwa yale historia imetufundisha, kamati inaleta mawazo manne.

La kwanza: mbele ya kusema tuuze, mafundi wawili wasiofanya kazi pamoja wapime motere, kila mmoja peke yake. Wapime shindo la kila silinda, waangalie maji, waangalie shasi nyuma ya kabini. Wakisema kitu kimoja, tuwasikilize. Motere ya namna hii inaweza kufunguliwa, kupewa pistoni na beringi mpya, na kuanza maisha mapya. Shasi yenye imeoza haiwezi.

La pili: ikiwa mkutano utaamua kununua, tununue gari yenye tayari ziko nyingi kwenye njia hii. Tusipende kuwa wa kwanza. Gari ya peke yake kijijini ni yatima. Ikiugua haina ndugu wa kuipatia damu.

La tatu: kuanzia leo gari iwe na daftari. Tarehe, kilomita, mafuta, kitu kilichobadilishwa, bei, jina la fundi. Shofere akibadilishwa, daftari inabaki. Mwenye wa tatu alipokea gari bila kitabu. Mwenye wa ine asipate matata yale yale toka kwetu.

La ine: mfuko wa spea uwe mbali na mfuko wa chama. Kila safari yenye inalipwa, sehemu ndogo iingie humo, na isiguswe kwa matanga wala kwa harusi. Tunajua ni neno gumu. Lakini gari hiyo hiyo ndiyo inabeba jeneza na bibi harusi.

Njia ya Taifa nambari 5 haijawa laini, na hatuoni dalili kwamba mwaka huu itakuwa. Mvua ikinyesha milimani, mito inashuka kama ilivyoshuka Uvira mwezi wa ine 2020, madaraja yanaenda. Kwa hiyo kila mwanachama aje mkutanoni na mawazo yake, na wenye wana karatasi za matengenezo ya zamani, hata risiti moja ya filta, wazilete kwa mwandishi wa chama mbele ya siku hiyo. Daftari tutaanza nazo.